Mibonyezo Miwili ya Kapteni Mbise

Siku yangu ya kwanza mnarani nilimsogezea mkuu wangu sukari, akaikataa. Mwenyewe ndiye aliyeiomba. Mzee Materu, Mchaga wa Machame mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema, “Nisogezee sukari,” nami nikasogeza kimya kimya kama nilivyofundishwa kwetu kuwahudumia wakubwa. Akairudisha ilipotoka. “Sijasikia,” akasema. Ikabidi niseme, “Sukari, nakusogezea wewe, Mzee Materu.” Hapo akajibu, “Sahihi,” akaweka vijiko vitatu na kukoroga chai yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilidhani mzee ana kasoro kichwani. Ilinichukua kama mwezi kuelewa kwamba lilikuwa somo, na miaka kumi na tano kuelewa kwamba nilikuwa nimelishika nusu.

Nimestaafu, huu ni mwaka wa pili. Nakaa Sekei, nafuga kuku, na kila ndege ikipita juu ya bati bado nageuza shingo, jambo linalomchekesha binti yangu Neema. Nilikuwa mwongoza ndege kwenye kiwanja kidogo cha upande wetu huu, jina lake halina haja. Nasikia nyinyi vijana mmeanza mafunzo na karibuni mtakalia kile kiti. Mimi si mwalimu, na vitabu mnavyo. Nawaandikia yale ambayo vitabu havikuniambia.

Watu wakisikia “mwongoza ndege” wanafikiri kazi yote iko angani. Angani kuna nafasi. Tabu iko chini, ndege inapotembea kwa magurudumu yake kutoka maegesho. Kwetu njia ya kurukia ilikuwa moja. Anayetaka kuondoka aliingia humo, akatembea mpaka mwisho, akageuka, ndipo akakimbia na kuruka. Anayetaka kutua naye alitua humo humo. Kati ya maegesho na njia hiyo kulikuwa na mstari wa njano, na kazi yako kubwa ya asubuhi ni kuhakikisha hakuna anayeuvuka kabla hujamwambia. Huna kamba wala geti, una sauti tu. Kwa hiyo sheria ni ile ya sukari: ukimwambia rubani asimame kwenye mstari, lazima akurudishie maneno yako, “nasimama kwenye mstari,” na jina la ndege yake juu. Nawe unamjibu, “Sahihi.” Asiporudisha, hesabu kwamba hujamwambia kitu. (Haya yote husemwa kwa Kiingereza. Mimi nayaandika kwa lugha yetu ili hata mama zenu wasome.)

Msinione kama niliyezaliwa najua. Mwaka wangu wa pili kitufe cha redio kiling'ang'ania nilipokibonyeza, nami sikujua. Nilikuwa peke yangu, hakuna ndege, nikawa najifunza sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya yetu ya Jumapili. Niliimba beti zote, na pale nilipokosea nilianza upya. Kila rubani kuanzia Momela mpaka Manyara alisikia, na hakuna aliyeweza kuniambia, kwa kuwa kitufe kikiwa kimekwama upande wako, wengine wote wamezibwa mdomo. Kilipoachia, sauti ya kwanza kuingia ilisema, “Mnara, ubeti wa pili umeharakisha.” Kwa mwezi mzima marubani waliniita Mama Kwaya. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kusema nilitazama ile taa ndogo nyekundu kuhakikisha imezimika. Nawashauri mfanye hivyo hata mkiwa mnajiamini.

Na kosa jingine la kwetu sisi: kuelekeza mtu kwa kitu ambacho hakipo. Mnajua tunavyoelekeza njia mjini, “ukifika pale lilipokuwa duka la Mhindi, kata kushoto.” Duka lilishavunjwa, lakini wote tunaliona. Basi nami nilimwambia rubani mgeni, aliyekuwa anatua kwetu kwa mara ya kwanza, aegeshe “pale kwenye tangi.” Tangi lilikuwa limeng'olewa kitambo. Wenyeji wote waliegesha pale kwenye tangi bila shida. Mgeni alizunguka na ndege yake maegesho yote akitafuta tangi, akaishia mbele ya jiko la kantini, upepo wa panga la ndege ukapeperusha kitambaa cha mama ntilie. Mzee Materu alishuka mwenyewe kuomba radhi. Aliporudi aliniambia, “Redioni sema kinachoonekana kwa macho ya yule unayemwambia.”

Sasa nije kwenye mibonyezo.

Rubani akibonyeza kitufe cha redio bila kusema kitu, wengine wote wanasikia mlio mdogo, tk. Akibonyeza mara mbili, tk-tk, maana yake kwa mazoea ni “nimesikia” au “asante.” Sheria haiutambui mlio huo, ila asubuhi za msimu wa watalii, ndege tisa zinapotaka kuondoka kwenda mbugani kwa pamoja, wote walikuwa wanaufanya ili kuokoa muda. Mzee Materu aliuchukia. “Mlio hauna jina,” alisema. “Mtu akikugongea ukuta mara mbili, utajuaje ni jirani yupi?” Nilimtii. Vijana waliponibonyezea niliwabana mpaka warudishe neno kwa neno, na walininung'unikia.

Nilimwacha mmoja tu, Kapteni Mbise.

Hapa inabidi niwaeleze wale ambao si wa huku. Mimi ni Mmeru wa Akheri. Kapteni Mbise na baba yangu walitahiriwa pamoja, ni rika moja, na kwetu rika la baba yako wote ni baba zako. Barua ya posa yangu ilipoletwa, yeye ndiye aliyekaa kulia kwa baba na kuisoma kwa sauti. Mtu wa namna hiyo akisema kitu, humwambii “rudia.” Akinyamaza, humuulizi kama amesikia. Ni kumwambia kwamba amezeeka.

Kila asubuhi alianza redioni kwa, “Hujambo, mwanangu.” Namjibu, “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Kisha namwambia atembee mpaka kwenye mstari, naye ananijibu tk-tk. Siku moja rubani kijana aitwaye Karim, mtoto wa mjini hapa ambaye babu yake alikuwa na duka la vitambaa, aliniuliza redioni mbele ya watu, “Dada, mbona Kapteni harudishi na sisi unatubana?” Nilimwambia, “Ukiota mvi tutaongea.” Wote walicheka kwa mibonyezo, tk-tk, tk-tk, kiwanja kizima. Nami nilicheka.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi ile ya kuvaa masweta mawili, na Meru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka magotini. Kapteni Mbise aliwasha injini akiwa na watalii kumi na mmoja. Karim alikuwa anarudi kutoka mbugani, mtupu, anakuja kutua kutoka upande wa ukungu. Siku nyingine zote saa ile hakuna anayetua, kwa hiyo Kapteni alizoea kufika kwenye mstari na kuambiwa aingie moja kwa moja. Siku hiyo nilimwambia, “Simama kwenye mstari, kuna ndege inatua.”

Tk-tk.

Niliinama kuandika saa kwenye karatasi ya safari yake. Nilipoinua macho pua ya ndege yake ilikuwa imeuvuka mstari, na haikuwa inasimama.

Nikamwita, “Simama. Simama hapo hapo.” Hakuna jibu, hata mlio. Aliingia katikati ya njia na kuanza kutembea taratibu kuelekea mwisho, akimpa mgongo Karim, ambaye alikuwa ametokeza kwenye ukungu na taa zake zimewaka. Nikamwambia Karim apande, azunguke tena. Huyo alirudisha neno kwa neno, na sauti ilikuwa imempanda. Ndege yake iliinua pua ikapita juu ya Kapteni. Baadaye tuliambiwa watalii walipiga picha na mmoja alipiga makofi, akidhani ni maonyesho.

Mzee Materu aliichukua taa ya ishara, ile inayofanana na tochi kubwa yenye mshikio, ambayo sisi wengine tulikuwa tunaifuta vumbi tu, akaielekeza kwenye kioo cha Kapteni na kushikilia mwanga mwekundu. Nilipoona ndege inasimama kwa taa baada ya kukataa kusimama kwa sauti, nilipaswa kuelewa hapo hapo. Sikuelewa. Nilikuwa na hofu ya mambo mawili kwa pamoja, watu kumi na watatu na leseni yangu. Naona haya kusema ni lipi nililifikiria kwanza.

Karim alipotua alipanda ngazi za mnara mbili mbili. Alisimama mlangoni akihema.

“Dada, ile mibonyezo ilikuwa yangu.”

“Mibonyezo gani?”

“Ulipomwambia Kapteni asimame. Nilikuwa nakushukuru kwa kunishikia njia. Nimebonyeza tu, mazoea.”

Mzee Materu alivua miwani akaifuta kwa tai. “Na mimi nimekuwa nikimsikia Mbise akibonyeza miaka yote,” akasema. “Nimekaa kimya kwa sababu kanipita miaka mitatu. Nilikufundisha sukari, Mama Neema, sikukufundisha wazee.” Kisha akaniambia niandike ripoti, iwe mezani kwake kesho asubuhi.

Jioni ile, kama saa kumi na moja, Kapteni Mbise alikuja nyumbani Sekei kwa miguu. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kochi la dirishani. Hakuzungusha maneno.

“Mwanangu, redio ilikatika. Andika hivyo.”

“Fundi ataikagua, baba.”

“Redio hukatika na kurudi yenyewe. Kila fundi anajua. Ukiandika hivyo, mimi nimepona na wewe umepona. Hakuna atakayeuliza kwa nini hukunitaka nirudishe.”

Alisema kweli. Ndiyo iliyonisumbua. Sentensi moja ingemwacha yeye kwenye ndege yake na mimi kwenye kiti changu. Na wakati ule bado niliamini huenda redio ilikatika kweli. Nikaenda jikoni nikaleta chai. Nilimmiminia nikiwa nimesimama upande wake wa kushoto, nyuma kidogo ya bega.

“Baba, sukari vijiko vingapi?”

Akaitikia kwa kichwa, anatabasamu.

Nikauliza tena, sauti ile ile. “Vijiko vingapi?”

Akaitikia kwa kichwa tena, mara mbili, kwa upole, akitazama nje ambako kuku walikuwa wanaingia bandani.

Nilibaki na kijiko hewani. Kule kuitikia kwa kichwa nilikuwa nakujua. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi redioni, tk-tk.

Niliweka kijiko chini, nikaenda kukaa mbele yake, uso kwa uso, nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa rika la baba yangu. “Baba, naomba urudie nilichokuuliza.”

Hakukasirika. Alinitazama mdomo, akaitazama chai, halafu akanitazama tena mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta la kukisia, kama alivyozoea. Kisha akaacha.

“La kushoto limekufa,” alisema. “La kulia linasikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Huu ni mwaka wa pili.”

“Na kule unakopimwa?”

“Wananipima kwenye chumba kimya. Kwenye kimya nasikia. Injini ikiwaka, nasikia injini.”

“Sasa asubuhi zote hizi umekuwa ukijibu nini?”

“Wewe kila siku unasema yale yale, mwanangu. Naamkiwa, natembea mpaka mstarini, naingia. Nayajua kama sala ya Baba Yetu.”

Nilikasirika, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi. Akaendelea bila kuulizwa. “Kule nyumbani nina migomba na ng'ombe wawili. Kwa miaka karibu arobaini watu wananiita Kapteni. Ukiandika masikio, kesho wananiita nani?”

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikakaa mezani na karatasi.

Niwaambie jinsi ripoti inavyoandikwa, maana mtaziandika. Usianze na mwenzako. Anza na ulichofanya wewe, kwa mpangilio, bila kujitetea. Niliandika kwamba nilitoa agizo na sikurudishiwa. Niliandika kwamba nilipokea mlio usio na jina nikauhesabu kuwa jibu. Niliandika kwamba kwa miaka mingi sikumtaka rubani huyu arudishe maneno kwa kuwa ni mzee wangu, na kwamba kama ningemtaka hata mara moja, ningejua hali yake mwaka mzima kabla. Mwishoni niliandika masikio. Mstari ule ulinichukua muda mrefu kuliko ukurasa wote. Karatasi ilitaka ukweli, nami nilijua ukweli, lakini mkono ulikuwa wa binti wa Akheri.

Mimi niliondolewa redioni miezi mitatu na kurudishwa darasani na watoto wa umri wenu. Kapteni alipimwa upya, mashine ikiunguruma pembeni, na hakuruka tena. Baba yangu hakunifokea. Alisema tu, “Ungekuja kwangu kwanza.” Nikamwambia ripoti ilitakiwa asubuhi. Akasema, “Najua,” na hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka anafariki. Iliniuma. Bado inaniuma, na bado ningeandika vile vile.

Kiwanjani mibonyezo ilipigwa marufuku kwa barua. Barua huchakaa. Aliyeiua kabisa ni Karim, ambaye alianza kurudisha maneno kwa sauti ya mbwembwe kama mtangazaji wa mpira, na wengine wakaona raha kumwiga. Siku hizi nasikia mna skrini inayowaonyesha kila ndege ilipo ardhini. Ni jambo jema. Hata hivyo skrini itakuonyesha ndege inavuka mstari, haitakuambia kama mzee aliyeko ndani amekusikia. Hilo utamuuliza mwenyewe. Muulize kwa heshima, lakini muulize, na usiandike chochote mpaka amejibu. Macho yako yawe dirishani, karatasi itasubiri.

Kwa karibu mwaka mmoja Kapteni Mbise hakuniitikia. Tunasali kanisa moja la Kilutheri, na kila Jumapili nilimwamkia mlangoni, “Shikamoo, baba,” naye alipita. Sikujua kama hasikii au hataki. Mlio usio na jina niliwahi kuudhania kuwa jibu, sasa nilipewa ukimya, na nao nikaudhania. Nilijiambia amekataa. Nilirudi nyumbani kila wiki na uamuzi huo niliojipa mwenyewe, bila kumuuliza.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka, mayai, ndizi, kuku wawili wamefungwa miguu. Kapteni alikuwa amenunua mkungu wa ndizi, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Nikaenda nikasimama mbele yake, upande wa kulia, karibu kiasi kwamba asingeweza kupita bila kuniambia nisogee. Watu wa rika lake walikuwa wanatutazama. Nikasema kwa sauti, taratibu, kama ninavyosema redioni:

“Shikamoo, baba.”

Alinitazama mdomo. Akaushusha mkungu chini ya miguu yetu, akanyoosha koti.

“Umesimama mbele yangu, kulia,” akasema. “Umesema shikamoo, baba.” Akavuta pumzi. “Marahaba, mwanangu.”

Kuna neno moja tu mnara humjibu rubani aliyerudisha vizuri, nami nilimpa hilo.

“Sahihi,” nikasema.